Kunde za Elsie

Metrine hakuwa mtu wa maneno mengi, na mumewe Wabwire hakujua kunyamaza. Ndivyo nyumba yao ya Kisian ilivyokwenda tangu waoane: mmoja anasema, mwingine anasikiliza huku mikono yake ikifanya kazi. Wabwire alikuwa fundi mwashi, Msamia aliyekuja Kisumu angali kijana wa kubeba zege, akajifunza kupanga tofali moja juu ya jingine mpaka matajiri wa Milimani wakawa wanamtafuta kwa jina. Metrine alikuwa mwana wa Wabukusu, na kwao mwanamke asiye na mboga nyuma ya nyumba huonekana kama mgonjwa. Alilima. Palipokuwa na udongo mtupu, hata ukubwa wa karai, Metrine alipanda kitu.

Kipande chao cha ardhi kiliteremka taratibu kuelekea ziwani. Juu, karibu na jikoni, palikuwa na sukuma wiki na vitunguu. Katikati palikuwa na saga na managu, mboga chungu ambazo majirani Wajaluo walizipenda kuliko nyama. Chini kabisa palikuwa na nyasi tu, na hapo ndipo jirani yao, Mama Griffins, alipofunga ng'ombe wake.

Walipohamia pale, ziwa lilikuwa mbali. Lakini miaka ya karibuni lilianza kupanda. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa, maji yakameza njia ya wavuvi, yakameza vibanda vya kukaangia samaki, yakasimama kwenye mashina ya mikaratusi mpaka mikaratusi ikafa imesimama. Watu walisubiri yarudi yalikotoka. Yalirudi kidogo, kisha yakakaa. Na pamoja na maji wakaja viboko, ambao zamani mtu aliwaona kwa mbali tu. Sasa asubuhi ulikuta nyayo zao kwenye matope, pana kama sufuria, nyuma ya choo cha Mama Griffins.

Binti yao wa kwanza, Elsie, alikuwa amemaliza masomo ya ualimu wa chekechea aliposimama kanisani siku moja na kusema Mungu amemwita. Kanisa lao lilikuwa likitafuta vijana wa kwenda misheni upande wa Turkana, mbali na lami, kufundisha watoto wadogo na kuhubiri kwa miaka miwili. Watu wakapiga makofi. Metrine hakupiga.

"Si hata hapa kuna watoto?" alimwambia mumewe walipofika nyumbani. "Mungu ana watoto wangapi, mpaka achukue wangu?"

"Mama Elsie, wacha mtoto aende," Wabwire alisema. "Mimi nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyenifungulia mlango nikakaa sebuleni. Huyu anaenda kujenga kitu ambacho ataruhusiwa kuingia."

Alicheka kwa maneno yake mwenyewe, kama kawaida yake. Elsie akaenda. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alipoondoka nyumba ilipwaya. Alibaki mdogo wake, Shantel, aliyekuwa kidato cha pili na aliyependa zaidi kuachwa peke yake.

Elsie alipiga simu Jumapili baada ya Jumapili. Ilimbidi apande kilima kutafuta mtandao, na upepo wa huko uliingia kwenye simu kana kwamba mtu anararua kitambaa. Alizungumza na baba yake zaidi. Wabwire aliweka simu katikati ya meza na kumwambia kila kitu: nani amekufa, nani ameoa, ukuta gani wa jirani umeegama. Elsie naye akasimulia habari za watoto wake, waliokaa chini ya mgunga kwa sababu darasa lilikuwa halijakamilika.

"Wanakula mahindi ya kuchemsha na maharagwe, Baba. Mboga hakuna kabisa. Na kisima kimechimbwa, maji yako. Kungekuwa na mbegu, tungelima kiasi."

"Mbegu za nini?"

"Kunde. Mama anajua. Kunde zinavumilia jua."

Metrine, aliyekuwa akichambua mboga sakafuni, alisema bila kuinua kichwa kwamba mbegu za kunde ziko hata dukani. Lakini Wabwire alikuwa ameshalishika neno lile. Kesho yake aliporudi kazini, hata chai hakunywa. Alishika jembe akateremka kwenye zile nyasi za chini, karibu na maji, akaanza kulima. Mtu ambaye maisha yake yote alisema jembe ni la wanawake na la Wabukusu!

"Huko chini ni kwa viboko," Metrine alimwambia.

"Viboko watapata ya kwao. Udongo huu umelala na maji, umenona. Nitaweka kunde za mbegu. Gunia zima. Nitampelekea mwenyewe Krismasi, nione na hiyo Turkana."

Kunde za mboga huchumwa zikiwa changa, zikapikwa, zikaisha. Kunde za mbegu ni subira. Unaziacha zitambae, zichanue, zibebe maganda, maganda yakauke palepale shambani. Muda wote huo zinasimama wazi kumwita kila mwenye njaa. Wabwire alizungushia uzio wa miiba. Usiku kiboko alipita katikati ya uzio kana kwamba hauko, akala mstari mmoja na kukanyaga miwili. Wabwire akajenga uzio mwingine. Ikawa mashindano. Alimsimulia Elsie kwa simu, akimwita kiboko yule "mkwe wangu", na Elsie akacheka huko kilimani mpaka akakohoa. Metrine alisikia kicheko kile akaona wivu, akajionea aibu kwa wivu ule.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, maganda yameanza kuwa na rangi ya kahawia. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Metrine alikuwa jikoni anakoroga uji wa Shantel. Wabwire alitoka na panga, akasema anaenda kuangalia uzio kabla ya kwenda kazini. Alikuwa amevaa gambuti zake za kazini zilizojaa madoa ya saruji. Alisema jambo jingine pia akiwa mlangoni, na mpaka leo Metrine hajakumbuka ni jambo gani, kwa sababu uji ulikuwa ukifurika na yeye alikuwa akitafuta kitambaa cha kuinulia sufuria.

Hakusikia ukelele. Alisikia mbwa wa Mama Griffins wakibweka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha sauti ya Mama Griffins mwenyewe, ndefu, ikipanda.

Kiboko alikuwa amekula usiku kucha na alikuwa akirudi majini. Wabwire alikuwa ameinama kwenye uzio, mgongo kwa shamba, uso kwa ziwa. Alikuwa amesimama kati ya mnyama na maji. Hakuna aliyelazimika kumweleza Metrine zaidi ya hapo. Kila mtu anayeishi ukingoni mwa ziwa lile anajua maana ya kusimama kati ya kiboko na maji. Alipofika, wavuvi wawili walikuwa tayari wamemvuta hadi kwenye nyasi. Mmoja alimzuia Metrine kwa kifua chake.

"Mama, usiangalie. Tafadhali, Mama."

Aliangalia. Kisha akafungua leso yake kiunoni, akamfunika. Leso haikutosha. Mama Griffins akafungua ya kwake pia.

Maofisa wa wanyamapori walikuja na bunduki, wakapima nyayo, wakasema mnyama ameshaingia majini. Mwili ukapelekwa mjini mochari. Elsie hakupatikana kwa simu, maana haikuwa Jumapili. Mchungaji Waliaula, aliyekuwa amempa Elsie baraka za safari, ndiye aliyetuma ujumbe kituoni kwao, na Elsie akaja kwa lori hadi Lodwar, kutoka hapo kwa basi kupitia Kitale, akaingia Kisian akiwa mweusi kwa jua, midomo imepasuka, na begi dogo begani.

Walimzika Wabwire kwao Samia. Wazee wa ukoo walisema aliyeuawa na mnyama haingizwi ndani ya nyumba, kwa hiyo jeneza lililala uani chini ya turubai, na Metrine akakaa kando yake kwenye nyasi zilizolowa. Watu walilia jinsi watu wanavyolia. Elsie hakulia. Alisimama mbele ya waombolezaji akaomba kwa ile sauti yake kubwa, bila kukwama, akamshukuru Mungu kwa baba mwema, akasema baba yake sasa yuko mahali pasipo kilio. Akina mama wakatikisa vichwa wakisema huyu mtoto ana neema. Metrine alimtazama binti yake. Alitaka kumwona akianguka chini. Alitaka kumwona mtoto wa Wabwire akigaragara kwenye vumbi kama watoto wa watu wengine.

Waliporudi Kisian, nyumba ilinuka ukiwa. Mama Griffins alikuwa amewafagilia, akawaachia ugali na omena wamefunikwa mezani. Walikula kidogo. Shantel akaingia chumbani. Elsie akakusanya vyombo, akaviosha, akarudi akakaa mbele ya mama yake, mikono juu ya magoti.

"Mama, nimeongea na Mchungaji. Nitakaa nawe wiki hii na ijayo, kisha nitarudi. Nimebakisha mwaka mmoja. Watoto wale hawana mwalimu mwingine."

Metrine alikunja kitambaa kilichokuwa kimefunika chakula.

"Baba angetaka nimalize," Elsie alisema kwa upole.

Labda kama asingesema neno lile la mwisho. Labda kama angelisema kesho yake.

"Baba yako!" Metrine alisema. "Unajua baba yako alikuwa anafanya nini kule chini? Unafikiri alikuwa anatembea? Yule mtu hakuwahi kushika jembe tangu nimjue. Zile kunde zilikuwa zako. Ulizitaka wewe. Baba yako amekufa kwenye shamba lako, Elsie. Sasa nenda. Nenda ukawahubirie watoto wa watu."

Maneno yalitoka yote, yakaisha. Metrine, ambaye hakuwahi kusema mengi kwa mara moja, alibaki akihema. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Shantel alikuwa amesikia. Uso wa Elsie haukubadilika, ila ulizidi kuwa mtulivu, kama maji yanapotulia baada ya kitu kuzama. Kisha akainuka akatoka, akateremka hadi kwenye shamba la chini. Hapakuwa na uzio tena. Metrine alimwona kwa dirisha amesimama katikati ya mistari, jua likimzamia nyuma, na hakuenda kumwita, ingawa giza lilikuwa linaingia na alijua ni saa ya viboko kutoka. Aliporudi, miguu yake ilikuwa imejaa matope hadi magotini.

Asubuhi Metrine alikuta nguo zote za Elsie zimefuliwa na kuanikwa: sketi ndefu za misheni, blauzi nyeupe, hata begi lenyewe limegeuzwa ndani nje na kubanwa kambani. Hapo akajua haondoki. Alikuwa ameshinda. Akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaona hana nguvu hata ya kuwasha moto.

Elsie alikaa. Alipata kazi Otonglo katika duka la vifaa vya ujenzi, akiuza misumari, rangi na saruji. Shule moja ya chekechea karibu na pale ilimtaka, akakataa bila kutoa sababu. Jioni alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya viwiko, na mara ya kwanza Metrine alipomwona hivyo mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, alishika ukuta. Elsie alileta mshahara nyumbani, alimsaidia Shantel hesabu, alichota maji, alimwagilia sukuma. Hakukosa heshima hata siku moja. Alisema "Ndiyo, Mama" na "Sawa, Mama." Lakini hakuimba tena. Hakuomba mezani, wala kitandani, na Jumapili alisema anaumwa kichwa. Biblia yake aliiweka juu ya kabati ikakusanya vumbi, na Metrine, akifagia, aliipangusa na kuirudisha palepale.

Kunde za chini hakuna aliyezivuna. Maganda yalipasuka yenyewe kwa jua, mbegu zikamwagika. Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaja, ziwa likapanda tena, mbegu zikavimba na kuoza ndani ya maji. Kwa wiki kadhaa harufu yake ilipanda hadi jikoni.

Mwezi wa pili Metrine alivaa nguo yake ya kanisani siku ya kazi, akaenda kwa Mchungaji Waliaula. Alimwambia yote, na ilimchukua muda, kwa sababu maneno yalitoka moja moja. Akamwomba amrudishe Elsie kwenye misheni. Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mama Elsie, nafasi ile tulishaijaza. Kuna kijana wa Kakamega yuko huko sasa. Lakini tungeweza kupata nafasi nyingine. Shida si nafasi. Mimi nimemfuata Elsie dukani mara tatu. Ananiuliza kama nataka saruji."

Basi Metrine akajua ni lazima aongee mwenyewe. Alingoja Jumamosi. Elsie alikuwa uani anasuka nywele za Shantel, na Shantel alipomaliza kusukwa akaondoka na kioo chake, Metrine akakaa pale kwenye mkeka, mahali palipokuwa bado na joto la mtoto.

"Elsie. Maneno niliyosema siku ile. Niliyasema kwa uchungu."

"Najua, Mama."

"Nisamehe."

Elsie aliondoa nywele zilizobaki kwenye kitana, akaziviringisha kwa vidole. "Lakini yalikuwa kweli?"

Metrine angeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya, na pengine ingekuwa heri. Lakini hakuwa na mazoea ya maneno, na aliyafikia yale ya kweli kwanza.

"Alilima kwa ajili yako," alisema. "Lakini alifurahi, mama yangu. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Alikuwa anateremka huko anaimba."

"Basi," Elsie alisema.

"Si kosa lako. Kiboko ndiye aliyemuua. Na maji. Kama maji yangekaa mahali pake…"

"Mama, sijakaa hapa kwa sababu ya maneno yako. Usijitese." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kavu. "Niliomba, unajua? Kila asubuhi nilimwombea Baba. Hata asubuhi ile. Nilikuwa nimepiga magoti saa ileile. Sasa nikirudi kwa wale watoto nitawaambia nini? Nitawafundisha kuomba nini?"

Metrine alinyoosha mkono, akampangusa binti yake saruji iliyokuwa nyuma ya sikio. Elsie alimwacha afanye hivyo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kilio ambacho Metrine alikuwa amekitaka siku ya mazishi kikaja, pale uani, mchana kweupe, kuku wakitawanyika. Hakikuwa na faraja yoyote kukiona. Alikuwa amekiomba, na sasa angetoa chochote kikome. Alimshika kichwa Elsie kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mtoto mwenye degedege.

Mvua za masika mwaka ule hazikuwa na huruma. Maji yalipita shamba la chini, yakafika kwenye saga na managu. Asubuhi moja walimkuta kiboko jike na mtoto wake wamesimama mahali palipokuwa na vitunguu, wanatafuna bila haraka. Mama Griffins alikuwa wa kwanza kuhama, akaenda kwa mwanawe. Metrine alingoja mpaka maji yalipolamba kizingiti cha nyuma, kizingiti alichokimimina Wabwire mwenyewe. Hapo akafunga vitu. Walipata chumba kimoja na jiko Otonglo, juu, nyuma ya soko, mahali pa saruji na mabati pasipo hata upana wa mkeka wa udongo.

Elsie alileta magunia matupu kutoka kazini. Wakakodi mkokoteni, wakasomba udongo wa kule juu ya shamba lao kabla haujalowa wote, wakajaza magunia, wakatoboa matundu ubavuni na kupandikiza miche ya sukuma. Sita yalikaa ukutani, mawili mlangoni. Sukuma za magunia huwa na majani madogo, na Metrine alizitazama kama mtu anayetazama watoto wa kambo. Lakini alizimwagilia. Aliamka kabla ya wote, kwa mazoea, akamwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye shina moja moja.

Alianza kwenda kanisani tena, yeye na Shantel. Elsie alibaki. Halafu Jumapili moja ya mwezi wa saba, bila kusema kitu, alivaa viatu akawafuata. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nyimbo zilipoimbwa alisimama kwa sababu watu wamesimama. Watu walipomzunguka baada ya ibada kumsalimia, alijibu salamu, akatangulia nyumbani.

Mchana huo walikula sukuma na ugali, magoti yakigusana kwa sababu meza haikuwa na nafasi. Shantel, ambaye tangu msiba ndiye aliyekuwa akiombea chakula kwa haraka haraka, alikuwa amejaza mdomo tayari. Akamtazama dada yake kwa hofu kidogo, akasema:

"Elsie, si uombe leo."

Metrine alirudisha tonge sahanini. Alitaka kumwambia Shantel aache.

Elsie hakufumba macho. Alitazama sahani yake, yale majani madogo ya gunia yaliyokatwa nyembamba.

"Asante kwa chakula," alisema. Walingoja kama kuna jingine, na halikuwako. "Kuleni, kitapoa."

Wakala.